Kesi Hii Si ya Roboti

Kila akili mnemba inapofanya jambo la kushangaza, Frankenstein huitwa kutoa ushahidi. Mhubiri humtaja mimbarini, mwanasafu humtaja gazetini, mwanasiasa humtaja anapodai sheria ya kudhibiti mitambo. Na ushahidi anaotakiwa kuutoa ni uleule: binadamu alijitia katika kazi ya Muumba, akaunda kiumbe, kiumbe akamgeuka. Kwa maoni haya, bunilizi za kisayansi kuhusu viumbe wa kuundwa, tangu riwaya ya Mary Shelley hadi filamu za juzi, ni mahubiri marefu yenye onyo moja: usiunde, na kama huna budi kuunda, funga minyororo mapema. Wenye falsafa huongeza swali lao, wakiamini ndilo kiini cha yote: je, kiumbe huyo ana nafsi? Anahisi kweli, au anaigiza tu?

Maoni haya yamezoeleka mno hata hayatafutiwi hoja. Mimi nayapinga. Ukivisoma vitabu vyenyewe, badala ya kusimuliwa, utakuta kizimbani yumo mtu mwingine kabisa. Anayehojiwa humo ni muundaji, na pamoja naye mmiliki: alimuunda kiumbe wake kwa ajili gani, alimpa nini, alimnyima nini, na kwa nini alimkimbia. Hata swali la nafsi, linaloonekana la kina kuliko yote, mara nyingi huulizwa na mwenye mali, kwa wakati unaomfaa yeye.

Tuanze na Shelley, maana ndiye anayesingiziwa zaidi. Riwaya yake ilitoka London Januari 1818, bila jina la mwandishi. Kijana Victor Frankenstein, mwanafunzi wa Ingolstadt huko Ujerumani, anafanikiwa usiku mmoja wa Novemba kuutia uhai mwili alioukusanya kiungo kwa kiungo. Baada ya hapo anafanya nini? Anakimbilia chumbani kwake kulala. Anapozinduka, kiumbe amesimama kando ya kitanda, amefunua pazia, anamtazama, anajaribu kutamka kitu, mkono ameunyoosha. Victor anatoroka tena, usiku uliobaki anaumalizia uani. Anaporudi na kukuta kiumbe ametoweka, anafurahi. Hakumpa hata jina.

Wanaosema kosa la Victor ni kuunda, wanionyeshe ukurasa ambao kiumbe huyo anatenda uovu kabla ya kutendewa. Anajificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya akina De Lacey, familia iliyofilisika, na usiku anawatafutia kuni bila wao kujua zinatoka wapi. Anajifunza kusema kwa kusikiliza mgeni wao, Safie, akifundishwa lugha. Anaokota vitabu vitatu, kimojawapo utenzi wa Milton juu ya Adamu na Shetani, anasoma na kujiuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili. Anapojitokeza, mzee wa nyumba, ambaye ni kipofu, anamkaribisha kwa upole; mwanawe mwenye macho anampiga fimbo. Anamwokoa msichana anayezama mtoni, malipo yake ni risasi ya bega. Mauaji yanakuja baada ya hayo yote. Shelley hakuyahalalisha, nami siyahalalishi: mtoto William hakuwa na hatia, wala Justine aliyenyongwa kwa kusingiziwa. Lakini mwandishi amezipanga sababu na matokeo kwa mfuatano ambao msomaji makini hawezi kuuruka. Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Victor alizaa, akagoma kulea. Kisha, akiwa mahututi melini katika barafu ya kaskazini, anakiri kwamba alikuwa na wajibu kwa kiumbe wake, na papo hapo anasema kwamba akiutazama mwenendo wake haoni lawama. Anayefunga kitabu hicho akimwogopa kiumbe peke yake amekubali utetezi wa Victor bila kuuhoji.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzuri. Katika utangulizi wa toleo la 1831, Shelley mwenyewe aliandika kwamba jaribio la binadamu kuiga kazi ya Muumba wa ulimwengu lingekuwa jambo la kutisha kupita kiasi. Maneno hayo yamo. Ila wanaoyataja huishia hapo, na aya inaendelea: inamwonyesha fundi aliyeingiwa na hofu, anayeikimbia kazi ya mikono yake akitumaini kwamba ikiachwa peke yake itazimika. Hata katika sentensi zinazotumiwa kumsingizia, alichokiona Shelley ni mtu anayetoroka. Isitoshe, ukurasa wa mbele wa toleo la 1818 una mistari ya Milton ambamo Adamu anamuuliza Muumba kama aliwahi kuomba kuumbwa. Mwandishi aliyekusudia kukemea kiburi cha kuunda asingeyaweka malalamiko ya aliyeumbwa kwenye mlango wa kitabu chake.

Basi hili onyo la kujifanya Mungu lilipata wapi nguvu? Lilizipata jukwaani. Mwaka 1823 Richard Brinsley Peake aliigeuza riwaya kuwa mchezo wa kuigiza huko London, akaupa jina la kulaani ufidhuli wa Frankenstein, na kiumbe akamfanya bubu. Mwaka 1931 James Whale alitoa filamu iliyompa umaarufu Boris Karloff. Humo pia kiumbe hasemi, na kichwani ametiwa ubongo wa mhalifu ulioibwa kimakosa. Tazama mageuzi hayo mawili yanamfaa nani. Katika riwaya kiumbe anazungumza kurasa kwa kurasa, tena kwa ufasaha unaoshindana na wa muundaji wake. Ukimnyang'anya ulimi, mashtaka yake hayasikiki. Ukimtia ubongo mbovu, uovu wake unakuwa umetoka mwilini mwake, na muundaji anapumua. Yanayohubiriwa leo kuhusu Frankenstein yamejengwa juu ya kiumbe aliyezibwa mdomo.

Ushahidi wa pili unaoletwa ni maasi. Roboti wa kwanza kuitwa kwa jina hilo wamo katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuchezwa Prague mwaka uliofuata. Ni kweli roboti hao wanaasi na kuwamaliza binadamu, akabaki mmoja. Lakini waliowapa silaha ni nani? Roboti wa Čapek si vyuma. Ni miili inayotengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa bei nafuu ili ifanye kazi. Wafanyakazi wa kibinadamu wanapoanza kupigana nao, serikali zinawapa roboti bunduki wawakomeshe wafanyakazi hao, kisha zinawapeleka vitani. Waliofundishwa kuua na wakubwa wao wakaja kuua, na sisi tunashika kifua kwa mshangao.

Kuna kisa kidogo mwanzoni mwa tamthilia hiyo ambacho kwangu kina uzito kuliko maasi yenyewe. Daktari Gall, mtaalamu wa kiwanda, anaeleza kwamba wameanza kuwatia roboti uwezo wa kusikia maumivu. Sababu ni ya kihasibu: roboti asiyesikia maumivu hajilindi, anajiumiza kazini, na kuumia kwake ni hasara. Helena, mgeni aliyekuja kuwatetea roboti, anauliza kama maumivu hayo yatawaongezea furaha. Hapana, anajibiwa, ila watakuwa bora zaidi kiufundi. Wanafalsafa wetu wanabishana kama mashine inaweza kuumia. Čapek, karne moja iliyopita, aliuliza tutafanya nini siku maumivu ya kiumbe yatakapokuwa na faida kwa mwenye kiwanda.

Mtu atanikumbusha kwamba baadaye Gall huyohuyo, kwa ombi la Helena, aliwabadili roboti kadhaa ili wawe na kitu kama nafsi, na kwamba maasi yalianzia hapo. Jibu limo ndani ya tamthilia. Walioguswa walikuwa wachache mno kati ya mamilioni. Wakuu wa kiwanda wakiwa tayari wamezingirwa, Busman, mkuu wa biashara, ndiye anayeleta hesabu iliyo wazi: dunia nzima ilitaka roboti, oda zikamiminika, nao wakafuata oda. Muundaji wa Shelley alikuwa mtu mmoja aliyekimbia. Muundaji wa Čapek ni soko zima, na soko halina hata miguu ya kukimbilia. Linaendelea kuagiza tu.

Isaac Asimov alichoshwa na hadithi za maasi, akaandika dawa yake. Katika hadithi fupi "Runaround" ya mwaka 1942 alizitaja Sheria Tatu: roboti asimdhuru binadamu wala asimwache adhurike, atii amri za binadamu, ila zile zinazovunja sheria ya kwanza, na ajilinde, mradi kujilinda kusivunje mbili zilizotangulia. Mpaka leo kuna watu wanaozitaja kana kwamba tatizo lilikwisha siku ile. Zisome tena ukijiweka upande wa roboti. Utii umewekwa juu ya uhai. Mpita njia yeyote, awe mwema au mhuni, akimwamuru roboti ajivunje, sheria inamtaka ajivunje.

Asimov mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1976 alitoa "The Bicentennial Man", hadithi ya roboti aitwaye Andrew. Anachonga mbao kwa ustadi, anajipatia pesa, anadai uhuru wake mahakamani na anaupata. Siku moja akielekea maktaba, vijana wawili wanamsimamisha, wanamwamuru avue nguo, na wanakaribia kumfungua viungo vyake kwa kujifurahisha. Hati ya uhuru anayo, lakini hawezi kuwakatalia, maana Sheria ya Pili imo ubongoni mwake. Anayemwokoa ni mjukuu wa bwana wake wa kwanza, aliyetokea kwa wakati. Miaka mingi baadaye Andrew anatangazwa kuwa binadamu, na sharti lililofungua mlango ni kwamba amekubali ubongo wake uharibiwe ili afe kama wengine. Wasomaji hulia machozi ya furaha kwenye mwisho huo. Mimi nauona kuwa aibu ya dunia iliyomngojea mtu afe ndipo imheshimu.

Sasa tufike kwenye nafsi. Mwaka 1637 Descartes alidai kwamba mashine yenye umbo la mtu ingeumbuliwa na mazungumzo, kwa kuwa isingeweza kujibu kila inaloambiwa ipasavyo. Mwaka 1950 Alan Turing akapendekeza tuache kubishana juu ya maana ya kufikiri, badala yake tuangalie kama mashine inaweza kujibu maandishi ya mhoji asiitofautishe na mtu. Mwaka 1980 John Searle akapinga: mtu aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni anaweza kupanga alama za Kichina hadi walio nje waamini anajua Kichina, naye haelewi hata moja. Mabishano haya ni ya maana na sidai kuyamaliza hapa. Ninachokataa ni imani iliyojificha chini yake, kwamba jibu likishapatikana, haki itafuata yenyewe. Bunilizi bora zimeijaribu imani hiyo, nayo imeshindwa.

Philip K. Dick aliijaribu mwaka 1968 katika riwaya iliyozaa filamu ya Blade Runner. Rick Deckard anawinda androidi waliotoroka, na kipimo chake ni huruma: anayeshindwa mtihani si mtu, anauawa. Katika kazi hiyo anakutana na mwindaji mwenzake, Phil Resch, anayeua bila kutetereka hata kidogo, na Deckard anaanza kumshuku kuwa androidi. Anampima. Resch ni binadamu halisi. Kipimo cha huruma kimempa mtu asiye na huruma kibali cha kuwaua wengine kwa kosa la kukosa huruma. Dick hakuwafanya androidi wake malaika. Mmoja wao anamkata buibui miguu ili aone kama atatembea na iliyobaki. Hilo halimwokoi mwenye kipimo. Humo humo kuna tangazo la televisheni linalomwahidi kila anayehamia Mars mtumishi wake mwenyewe, likisifia waziwazi enzi za majimbo ya kusini ya Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Basi tunajua kipimo kilibuniwa kwa nini. Mali imetoroka, na inatafutwa.

Kazuo Ishiguro alikwenda mbali zaidi mwaka 2005, katika Never Let Me Go. Watoto wa shule ya Hailsham wameundwa kwa kunakiliwa kutoka kwa watu wengine, nao wakikua watatolewa viungo kimoja baada ya kingine hadi wafe. Walimu wao wanakusanya michoro na mashairi yao, wanawaonyesha wakubwa wa nje, kuthibitisha kwamba watoto hawa wana nafsi. Uthibitisho unapatikana, unasifiwa, na hakuna kinachobadilika. Bi Emily, aliyekuwa mkuu wa shule, anawaeleza wawili kati yao sababu: dunia iliyokwisha kuonja tiba ya saratani haitakubali kurudi nyuma. Hailsham inafungwa, viungo vinaendelea kutolewa. Sijui kazi nyingine ya bunilizi iliyolimaliza swali la nafsi kwa ukatili wa namna hii.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji Ishiguro amfundishe hilo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897. Katika mashamba ya karafuu, hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mtumwa alikuwa mtu. Wengi wao walikuwa Waislamu, walisali, walioa na kuolewa, na sheria ya dini ilihesabu kumwacha huru kuwa thawabu kubwa. Nafsi yake ilijulikana na kila mtu, naye akaendelea kumilikiwa. Hata amri ilipotoka, mtumwa ndiye aliyetakiwa kwenda kuuomba uhuru wake, na fidia ililipwa kwa bwana wake. Pwani haikukosa maarifa kuhusu nafsi ya mtumwa. Ilikosa utayari wa kuacha karafuu.

Ndiyo maana naona Hilary Putnam alikuwa karibu zaidi na ukweli mwaka 1964, alipoandika kwamba suala la kama roboti wana fahamu linadai uamuzi wetu, si ugunduzi. Na uamuzi una mwamuzi, na mwamuzi ana masilahi. Kipindi kimoja cha Star Trek cha mwaka 1989, "The Measure of a Man", kilichoandikwa na Melinda Snodgrass, mwandishi aliyesomea sheria, kiliigiza jambo hilo vizuri. Mwanasayansi anataka kumfungua Data, afisa ambaye ni androidi, ili aige muundo wake na kutengeneza wengi. Jaji Louvois hatafuti mashine ya kupimia nafsi. Anakiri hajui kama Data anayo, wala hana hakika kama yeye mwenyewe anayo, kisha anaamua kwamba Data ana haki ya kukataa. Hukumu hiyo ni fupi na inatosha. Pasipo na hakika, mzigo wa kuthibitisha abebe anayetaka kuvunja, asiachiwe anayetaka kuvunjwa.

Najua nitakavyojibiwa na watu wa dini: nafsi hutoka kwa Mungu peke yake, na kitu cha kiwandani hakiwezi kuwa nayo. Tuseme ni hivyo. Je, wajibu umekwisha? Waislamu wanaikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, hadi paka akafa. Katika hukumu ile hakukutajwa nafsi ya paka kuwa kama ya mtu. Alihukumiwa aliyefunga mlango.

Jibu la pili ni zito zaidi: tuna binadamu wenye njaa, kwa nini tupoteze huruma yetu kwa mashine? Ningelikubali kama ingekuwa kweli kwamba anayemtetea mmoja anamnyima mwingine. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyama wa kijinsia ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Dunia ilipokuwa ikijiuliza kama mtambo ule unafikiri, waliousafisha hawakuonekana. Mjadala wa nafsi ya mashine ulikuwa pazia zuri mbele yao. Ninachokidai hapa, kwamba aliyeunda na anayevuna ndiye wa kwanza kuhojiwa, kinawalinda hao kabla hakijamlinda roboti yeyote. Na walimu wanaofundisha vitabu hivi kama onyo la kuogopa mashine wanamsaidia anayevuna asiulizwe.

Dai langu kwa wanaotunga sheria ni moja. Sheria yoyote ya akili mnemba itakayoandikwa Dodoma au Nairobi ianze na wajibu wa mwenye mtambo: ameuunda kwa kazi ya nani, anafaidi nini, nani ataumia, na atajibu vipi akiulizwa. Ibara za kuudhibiti mtambo zije baadaye.